Kufundisha uvuvi wa nzi bandia Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya walimu, wazazi na wasaidizi wanaotaka kumfundisha mtu yeyote, mwenye ulemavu au asiye nao, kuvua kwa nzi bandia katika maji ya Uganda. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mwanzo

1. Uvuvi huu unatofautianaje na mshipi wa kawaida?

Katika uvuvi wa kawaida unarusha uzito wa chambo au risasi, na uzi mwembamba unafuata nyuma. Hapa chambo, yaani nzi bandia, ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi, nyepesi kiasi kwamba ukiirusha kwa mkono haifiki hata mita tatu. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito. Fimbo inaukunjua hewani na chambo kinafuata mwishoni. Mwanafunzi akielewa hilo, ataacha kutupa kama anayetupa jiwe.

2. Uganda kuna samaki wa kuvuliwa hivi?

Wapo tele. Sato, ambaye wengi hapa humwita ngege, ndiye wa kuanzia: yupo kwenye mabwawa ya kufugia, kwenye maziwa na kandokando ya Nile. Kisinja yupo kwenye maji yaendayo kasi ya Nile upande wa Jinja, na huvuta kwa nguvu kuliko umbo lake linavyoonyesha. Chini ya Maporomoko ya Murchison na katika Ziwa Albert kuna ngasia, yule wa meno marefu yanayochomoza, pamoja na sangara au mputa, ambaye anaweza kuzidi kilo 100. Hao wawili si wa somo la kwanza (tazama swali la 24).

3. Ni nani asiyeweza kujifunza?

Karibu hayupo. Kurusha hakuhitaji misuli. Kunahitaji kusimamisha mkono kwa wakati wake. Mama mwenye umri wa miaka 70 hujifunza haraka kuliko kijana mwenye nguvu, kwa sababu hana haraka. Badilisha urefu wa fimbo, aina ya mrusho na mahali pa kukaa kulingana na mwili ulio mbele yako. Usimlazimishe mtu akae au asimame kama picha ya kitabuni.

4. Inachukua muda gani kabla ya kwenda majini?

Masomo mawili ya saa moja na nusu yanatosha wengi kufikisha mita 8 kwa unyoofu. Umbali huo unatosha kumpata sato. Mwalimu mmoja asichukue zaidi ya wanafunzi wanne, na kwa asiyeona au anayehitaji kushikwa mkono, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja.

## Vifaa

5. Fimbo na mshipi wa namba gani?

Kwa anayeanza: fimbo ya namba 6, urefu wa mita 2.7, yenye mpindo wa wastani, si ile ngumu kama chuma. Rili yoyote inayozunguka vizuri inafaa, kwa sababu kwa sato kazi yake ni kutunza mshipi tu. Mshipi uwe wa kuelea, ulionenepa upande wa mbele, na wa rangi kali kama njano au rangi ya chungwa ili uonekane.

Namba ya mshipi hutokana na uzito wa mita 9.1 zake za mwanzo. Namba 5 ina takriban gramu 9.1, namba 6 gramu 10.4, namba 8 gramu 13.6. Hapo ndipo penye siri ambayo walimu wengi huiruka: mwanafunzi akitoa mita 5 tu nje ya fimbo, fimbo ya namba 6 haijapata uzito wa kuipinda, naye huanza kutumia nguvu ili aufidie. Dawa ni kumpa mshipi wa namba 7 kwenye fimbo ya namba 6. Atauhisi mzigo mapema, hata kwa mshipi mfupi, na bega lake litatulia.

6. Uzi wa mbele, ule unaounganisha mshipi na chambo, niuandaeje kama dukani hakuna?

Unganisha vipande vitatu vya uzi wa nailoni: mita 1.2 ya unene wa milimita 0.45, kisha mita 0.7 ya 0.33, kisha mita 0.8 ya 0.22. Jumla ni mita 2.7. Lazima unene upungue hatua kwa hatua, la sivyo nguvu ya mrusho hukatika njiani na chambo huanguka juu ya mshipi. Unga vipande namna hii: viweke sambamba, fanya kitanzi kikubwa, pitisha ncha zote mbili ndani yake mara tatu, lowesha kwa mate, kaza polepole. Fundo likikazwa likiwa kavu huungua kwa msuguano na hukatikia hapohapo samaki anapovuta.

7. Vyambo gani vya kuanzia?

Vitatu tu. Kwenye bwawa la kufugia, kitu cha mviringo cha rangi ya kahawia kwenye ndoana namba 12, kinachofanana na punje ya chakula wanachorushiwa. Kwa sato wa ziwani, kidudu kidogo cha kijani au kahawia namba 12 au 14, kivutwe polepole kabisa. Kwa kisinja, kidudu kizito kidogo namba 10 kinachozama karibu na mawe. Manyoya ya shingo ya jogoo na uzi wa cherehani vinatosha kuvifunga nyumbani, na kufunga ni kazi nzuri kwa siku za mvua.

Kila ndoana ibanwe kijino chake, ile ncha ndogo inayoizuia isichomoke, kwa koleo kabla haijafungwa kwenye uzi. Kanuni hii haina msamaha, na sababu yake iko kwenye swali la 21.

8. Hatuna fedha za rili na fimbo ya dukani. Tufanyeje?

Chukua mwanzi mkavu ulionyooka wa mita 3.5, funga kitanzi cha uzi imara kwenye ncha, unganisha mshipi mwepesi wenye urefu sawa na mwanzi, kisha mita 1 ya uzi mwembamba na chambo. Wajapani wana uvuvi wa aina hii wa miaka mingi, uitwao tenkara, usio na rili kabisa. Hauvuki mita 8, lakini unafundisha kusimamisha mkono vilevile, na kwa baadhi ya wanafunzi ni bora kuliko vifaa vya bei (swali la 15).

## Kurusha

9. Kwa nini tuanzie kwenye nyasi?

Kwa sababu mbele ya maji akili yote huenda kwa samaki. Tafuta uwanja wenye nyasi fupi, urefu wa mita 25 au zaidi. Lami na changarawe hukwangua mshipi. Mahali pa ndoana funga kipande cha uzi wa sufu chenye rangi, urefu wa sentimita 2. Weka mabeseni kwenye mita 6, 8 na 10. Wanafunzi wasimame mstari mmoja, wakitazama upande mmoja, wakiachana mita 5, na asipite mtu nyuma yao. Miwani na kofia huvaliwa hata kwenye nyasi.

10. Nianze na mrusho upi?

Kwa mchanganyiko wa watu wa kila hali, anza na mrusho wa kuviringisha. Mshipi hauruki mbali nyuma ya mrushaji, kwa hiyo hauhitaji nafasi, haukamati miti, na aliyeketi anaufanya sawa na aliyesimama.

Hatua zake: buruta ncha ya fimbo kuelekea nyuma taratibu, mshipi ukiteleza juu ya maji. Mkono ukifika karibu na sikio, simama. Mshipi utaning'inia kama tumbo nyuma ya bega. Subiri mpaka utulie kabisa. Hapo ndipo wengi hukosa subira. Kisha peleka mkono mbele kwa kasi inayoongezeka na uusimamishe ghafla usawa wa macho. Mshipi utajikunjua wenyewe juu ya maji.

Mrusho huu unategemea maji kuushika mshipi, kwa hiyo kwenye nyasi tupu hautafanya kazi na mwanafunzi atadhani kosa ni lake. Pigilia kijiti ardhini mbele yake, funga kibanio cha nguo juu yake, na ukibanie ncha ya uzi. Kibanio kitashika kama maji yanavyoshika.

11. Na mrusho wa juu?

Anza ncha ya fimbo ikiwa chini, karibu kugusa nyasi, mshipi ukiwa umenyooka bila ulegevu. Inua, ongeza kasi, simamisha mkono pembeni mwa sikio. Mwambie ageuze kichwa autazame mshipi unyooke nyuma. Unapomalizia kunyooka, peleka mbele, simamisha usawa wa macho, kisha shusha ncha. Kila mshipi unapoongezeka, kusubiri nako kunaongezeka. Usimpigie kelele za "nguvu, nguvu!", neno hilo moja huharibu kazi ya siku nzima.

12. Mrusho unaharibika. Nitajuaje kosa liko wapi?

Tazama mshipi kwanza, mkono baadaye.

Mshipi ukianguka rundo mbele, ama mkono haukusimama, ama ulianza na ulegevu. Ukisikia mlio kama wa mjeledi nyuma, hakusubiri. Majini mlio huo humkatia chambo. Ukigonga nyasi nyuma, kifundo cha mkono kinapinda na fimbo inalala mgongoni: funga kitako cha fimbo kwenye mkono wa chini kwa kitambaa au mpira, kwa ulegevu kiasi, ili akihisi kinapoanza kuachana na mkono. Vifundo vidogo vikijitokeza kwenye uzi, ujue anaingiza nguvu zote mwanzoni badala ya kuongeza taratibu. Kila fundo la namna hiyo hupunguza sana uimara wa uzi, basi kata na ufunge upya.

Baada ya dakika 20 bila mafanikio, pumzisha. Mkono uliochoka hujifunza makosa.

## Kila mwili na njia yake

13. Anayetumia kiti cha magurudumu akae vipi?

Aliyeketi hupungukiwa karibu nusu mita ya kimo, na mshipi wa nyuma hugonga nyasi. Mpe fimbo ya mita 3 na mrusho wa kuviringisha. Kiti kiwekwe mshazari, bega la kurushia likiwa upande wa maji, ili fimbo isigonge gurudumu na mshipi usiingie kwenye spoku. Tandaza kanga au turubai mapajani ili mshipi unaovutwa uangukie hapo.

Ukingoni, funga breki zote mbili, na kwenye jukwaa la mbao pigilia ubao wa kuzuia wenye kimo cha sentimita 10. Njia ya kushukia isizidi mteremko wa mita 1 ya kimo kwa mita 12 za urefu. Jaketi la uokozi huvaliwa na mtu, wala halifungwi kwenye kiti. Na usimfunge mtu kwa mkanda kwenye kiti akiwa karibu na maji au ndani ya mtumbwi: kiti kikizama, kitazama naye. Kama hawezi kuketi bila mkanda, mfundishie mbali na ukingo, mita 3 au zaidi.

Zungumza na mwanafunzi mwenyewe, si na anayemsukuma. "Mzee, naomba nikushike kiwiko" ni sentensi ya lazima kabla ya kumgusa yeyote.

14. Asiyeona atajuaje mshipi umefika wapi?

Kwa mkono. Mshipi unaponyooka nyuma, fimbo huvutwa kidogo. Anayeona huwa hauhisi mvuto huo kwa sababu anategemea macho, ila asiyeona huudaka mapema. Simama nyuma yake, mkono wako juu ya wake kwa ruhusa yake, rusheni pamoja mara kumi, kisha uachie kidogo kidogo.

Funga uzi mnene kwenye mshipi mahali pa mita 9 ili kidole kihisi umbali. Kwenye nyasi, msaidizi asimame mita 3 kando ya shabaha agonge debe, naye asiyeona arushe kwenye shabaha akiongozwa na sauti. Kabla ya kuanza mtembeze ukingoni, mkono wake ukishika wako: hapa ukingo, hapa mti, hapa begi. Vitu visihamishwe baadaye. Samaki anapouma, huhisiwa kwenye kidole kinachobana mshipi juu ya mpini, na hapo yeye na mwenye macho ni sawa.

15. Mwenye mkono mmoja, au asiye na nguvu ya kushika?

Fimbo ya tenkara au mwanzi wa swali la 8 inaondoa tatizo la kuvuta mshipi. Akitaka rili, abane mshipi kwa kidole cha mkono wa fimbo, na anapozungusha rili akumbatie fimbo kwapani. Kwa mshiko dhaifu, zungushia mpini vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unene umkae mkononi, kisha funga kanda pana ya kitambaa ishikilie kiganja. Ifungwe kwa namna ya kufunguka kwa mvuto mmoja.

16. Viziwi?

Kubalianeni ishara kabla ya kuanza: simama, subiri, vuta, hatari. Ya hatari iwe mikono miwili juu, na kila mtu aijue. Simama mbele yake, jua likikumulika wewe na si yeye. Usiongee huku umeinama kufunga fundo. Usimkaribie kwa nyuma anaporusha, kwa sababu hatasikia hatua zako. Kama mwanafunzi anatumia Lugha ya Ishara ya Uganda, mkalimani awepo walau somo la kwanza.

17. Mwenye usonji au anayejifunza polepole?

Masomo ya dakika 15 hadi 20, mpangilio uleule, mahali palepale. Elekezo moja kwa wakati, na mara nyingi onyesha bila kusema neno. Mwonyeshe samaki kwenye beseni kabla. Mguso wa utelezi ukimjia ghafla unaweza kumtisha. Asipotaka kumgusa, asilazimishwe.

18. Mwenye kifafa? Mwenye ualbino?

Mwenye kifafa avae jaketi la uokozi wakati wote, awe na mtu mzima anayejua la kufanya, na asimame nyuma ya ukingo badala ya kwenye mawe. Mng'ao wa maji huwasumbua baadhi yao, hivyo miwani yenye kioo cha polaroidi ni muhimu.

Kwa mwenye ualbino, fundisha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana, mafuta ya kukinga jua yarudiwe kila saa mbili. Uoni wake huenda ukawa hafifu, kwa hiyo mshipi wa rangi kali na mabeseni ya karibu.

## Majini

19. Twende wapi, na tunahitaji kibali?

Safari ya kwanza iwe bwawa la kufugia samaki, kwa makubaliano na mwenyewe. Ukingo ni sawa, samaki wapo, na hakuna kiboko. Ziwa Bunyonyi linafaa baadaye, lakini kingo zake ni mwinuko na kina huanza karibu, hivyo jaketi kwa wote.

Ndani ya hifadhi za taifa kama Murchison Falls, kibali cha kuvua hutolewa na Uganda Wildlife Authority. Kwenye Victoria na maziwa mengine, jitambulishe kwa ofisa wa uvuvi wa wilaya na viongozi wa mwalo, na ubebe karatasi zako: mwaka 2017 jeshi lilianza doria dhidi ya uvuvi haramu, na askari hana njia ya kujua kwamba fimbo yako ni ya somo.

20. Vipi kuhusu kichocho, mamba, kiboko na radi?

Kichocho kipo Ziwa Victoria, Albert na kandokando ya Nile. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye matete na maji tulivu, palepale mwanafunzi anapopenda kusimama. Msiingie majini; vueni kutoka gatini, jukwaani au mtumbwini. Aliyeloa aende kituo cha afya akaeleze, apimwe kwa wakati atakaoelekezwa. Tiba ya prazikwanteli ipo.

Penye mamba, kaeni mita 5 kutoka ukingo na msisafishie samaki hapo. Penye kiboko, ondokeni kabla jua halijazama, wala msikae kati yake na maji. Radi ikisikika, laza fimbo chini, maana nyuzi za kaboni hupitisha umeme, ingieni kwenye jengo au gari, na msirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

21. Ndoana imemwingia mtu. Nifanyeje?

Ikiwa kijino kilibanwa, irudishe taratibu kwa njia iliyoingilia, osha kwa maji na sabuni. Ikiwa na kijino na imeingia mkononi au mguuni: kata uzi, pitisha uzi imara kwenye mpindo wa ndoana, bonyeza tundu la ndoana chini kugusa ngozi, kisha vuta uzi ghafla sambamba na ngozi kurudi ilikotokea. Karibu na jicho, shingoni au kwenye kiungo, usiiguse. Funika bila kuikandamiza, nenda hospitali. Kila aliyejeruhiwa aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

22. Samaki ameuma. Tunafanya nini?

Kwa sato na kisinja, inua fimbo taratibu huku mshipi umebanwa kwa kidole. Kwa ngasia na sangara usiinue; vuta mshipi kwa mkono moja kwa moja, fimbo ikielekezwa kwa samaki, kwa sababu vinywa vyao ni vigumu. Samaki anapokimbia, achia. Anaposimama, vuta. Msaidizi asinyakue fimbo: samaki ni wa mwanafunzi, hata akimpoteza.

## Yasiyo ya kawaida

23. Sato ametema mayai mkononi. Amekufa?

Hapana. Sato jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, naye akishtuka huvitema. Ukiona koo limevimba na mdomo umefungwa kwa nguvu, usimtoe majini kabisa: legeza ndoana akiwa ndani ya maji na umwachie hapohapo aliponaswa. Hii ndiyo sababu nyingine ya kubana kijino. Wakati wa kumshika sato yeyote, laza miba ya mgongoni kwa kiganja kutoka kichwani kuelekea mkiani, mkono ukiwa umelowa.

24. Mwanafunzi anataka sangara wa Murchison sasa hivi.

Kwanza afikishe mita 15 kwa fimbo ya namba 6. Kisha namba 10, mshipi wa kuzama, mita 150 za uzi wa akiba chini ya mshipi kwenye rili, na chambo cha umbo la samaki kwenye ndoana kubwa ya 3/0. Penye ngasia, ongeza sentimita 20 za waya unaohimili kilo 13 hivi, la sivyo meno yatakata uzi. Fimbo hiyo ni nzito. Aliyeketi au mwenye bega dhaifu afungiwe kiunoni, si kwenye kiti, mkanda wenye kikombe cha kuegemezea kitako cha fimbo, na msaidizi aketi pembeni. Vifuniko vya mashavu ya sangara hukata kama wembe, shika taya la chini kwa glavu.

25. Maji yamepanda ghafla huko Jinja, na yamekuwa tope. Tuendelee?

Kupanda ghafla bila mvua mara nyingi hutokana na mabwawa ya umeme kuachia maji. Weka jiwe ukingoni mnapofika. Likifunikwa, rudini juu mara moja, wanaotumia viti na wasioona wakitangulia. Tope la mvua za Machi hadi Mei ni jambo jingine: sato hawaoni chambo, lakini kwenye bwawa la kufugia lenye maji yaliyotulia somo linaendelea, kwa chambo cheusi na uvutaji wa polepole zaidi.